Tulivyochagua amplifaya isiyozima taa ya mtoto

Taa ilizimika saa mbili na nusu usiku, mwanangu wa darasa la saba akiwa katikati ya hesabu za sehemu. Sebuleni sabufa iliendelea kunguruma kama kwamba hakuna lililotokea.

Hapa Ndagoni nyumba yetu inategemea sola: paneli moja na betri ya volti 12. Taa hupita kwenye chaji kontrola, nayo hukata umeme mapema ili kuilinda betri. Inveta ya sabufa imefungwa kwenye betri moja kwa moja, kwa hiyo inakunywa hadi tone la mwisho. Sabufa yenyewe mume wangu aliinunua Kariakoo kwa fedha ya nazi ya msimu mzima. Boksi liliandikwa wati 5000, akaona amepata.

"Baba watoto," nilimwambia usiku ule, "ama muziki, ama mtihani."

Kesho yake akaipakia kwenye bodaboda hadi kwa fundi Kilindoni. Fundi hakuifungua. Aliigeuza tu, akamwonyesha kibandiko cha nyuma: inakula wati 60. Itatoaje 5000? Msomaji, ukienda dukani soma nyuma ya mashine, achana na maandishi ya boksi.

Kisha akauliza nani anasikiliza nini. Kwetu msikilizaji mkubwa ni mama mkwe, mpenzi wa taarab ya zamani, ile ya Ikhwani Safaa yenye kanuni, udi na fidla. Alikuwa akilalamika siku nyingi kwamba kanuni haisikii, anasikia ngurumo tu. Sisi tukadhani ni masikio ya uzee!

Tukanunua amplifaya ndogo, ile wanayoiita daraja D, inayotumia volti 12 bila inveta. Aina hii hupoteza umeme kidogo sana kwa joto. Lakini hapa napo pana uongo wa kuangalia. Kwa volti 12 na spika ya omu 4, kikomo ni kama wati 18 kila upande. Kwa omu 8 ni 9 tu. Ukiona kiboksi cha ukubwa wa kiganja kimeandikwa wati 200, na ndani hakina kifaa cha kupandisha volti, kirudishe kwenye rafu.

Mume wangu alinuna. Wati 18? Fundi akamweleza kuwa ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, na sikio hulitambua ongezeko hilo kwa shida. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa maradufu unahitaji wati kama mara kumi. Spika yenye wepesi wa desibeli 91 hutoa sauti ileile kwa nusu ya umeme unaotakiwa na ile ya 88. Basi fedha iliyobaki tukaipeleka kwenye spika mbili kuukuu za boksi la mbao, omu 8. Usifunge spika ya omu 2 kwenye amplifaya iliyoandikwa omu 4, utaiunguza. Weka fyuzi karibu na betri, na hakikisha nyekundu imekwenda chanya. Upepo wetu wa chumvi hula vichwa vya nyaya, nami huvifuta kila baada ya wiki chache.

Betri yetu ya 50Ah ukitumia nusu yake unapata kama wati 300 kwa saa moja. Kwa sauti ya sebuleni amplifaya haifiki hata wati 10, taa ya mtoto ni wati 5. Hesabu hiyo aliifanya mwanangu mwenyewe.

Mama mkwe sasa anaisikia kanuni. Baba watoto bado ananung'unika kwamba singeli haina kishindo. Sabufa yake iko juu ya kabati, imefunikwa kanga, inasubiri harusi yenye jenereta.