Fari zikiwa na ukungu, mavuno yanalala njiani



Nyanya haina subira. Ikichumwa katika bonde la Ruzizi, inapaswa kufika soko la Bukavu ingali ngumu. Ndiyo maana kamioneti nyingi zinapanda milima ya Ngomo usiku au alfajiri, mlima upande mmoja, korongo upande mwingine. Hapo shofa anategemea breki na fari.

Sasa fikiri siku shofa anakuja kwa prezida wa kooperative na kusema: "Mama prezida, hii fari iko inaangaza sawa mushumaa. Mutu akiwa mbele na kinga yake, sitamuona." Wengi wanafikiri ampule njo zimechoka. Wananunua mpya, wanafunga, na giza linabaki vilevile. Kosa haliko kwa ampule. Liko kwa kioo.

Kwa nini kioo kinakuwa cha njano?

Fari za magari ya zamani zilikuwa za kioo cha kweli. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana plastiki ngumu inayoitwa polikaboneti. Kiwandani wanaipaka ngozi nyembamba ya kuikinga na jua. Miaka ikipita, jua linaila ngozi hiyo, vumbi la barabara linaikwaruza, na plastiki inageuka njano yenye ukungu. Mwanga unatawanyika mbele ya gari badala ya kwenda mbali, na unachoma macho ya anayekuja.

Gonga kwa ukucha. Plastiki inatoa sauti nzito, kioo kinalia. Kama ni kioo cha kweli, kioshe tu. Usikipige msasa hata kidogo. Kama ukungu uko ndani, maana yake maji yameingia: lazima fari ifunguliwe, ikaushwe na mpira wake ubadilishwe. Kusugua nje hakutasaidia.

Namna ya kufanya

Tafuta msasa wa maji (wengine tunauita emeri) namba 1000, 1500, 2000 na 3000. Kama mikwaruzo ni mirefu, anza na 800. Namba ikipanda, msasa unazidi kuwa laini. Tafuta pia skochi ya karatasi, maji ya sabuni, vitambaa safi na dawa ya kung'arisha rangi ya gari.

1. Fanya kazi kivulini, fari ikiwa imezimwa na imepoa. Osha vizuri: chembe moja ya mchanga inaharibu kazi yote.
2. Bandika skochi pembeni ili usikwaruze rangi ya gari.
3. Sugua na msasa uliolowa, ukimwagia maji kila mara. Mwanzoni maji yatatoka ya njano. Hiyo ni ngozi ya zamani inayoondoka. Endelea mpaka yatoke meupe.
4. Panda namba kwa namba, usiruke. Kama kwanza ulisugua kwa ulalo, sasa sugua kwa wima. Hivyo utaona kama mikwaruzo ya msasa uliotangulia imekwisha.
5. Malizia na dawa ya kung'arisha, kwa kitambaa laini.

Watu wengi wanaishia hapo na kufurahi. Lakini plastiki sasa iko uchi, na jua litaiharibu tena baada ya miezi michache. Paka verni ya wazi ya magari, iliyoandikwa kwamba inakinga na miale ya jua. Ukiwa na verni hiyo, ishia kwenye msasa wa 2000, usipake dawa ya kung'arisha, maana mafuta yake yanazuia verni kushika. Pangusa na alkoli, acha ikauke, kisha paka tabaka mbili nyembamba kadiri ya maelezo ya chupa.

Dawa ya meno? Inaondoa ukungu mdogo tu, kwa muda. Dawa ya mbu ya kujipaka? Apana. Inaonekana kung'arisha kwa sababu inayeyusha plastiki. Petroli na tineri pia zinaweza kuipasua. Na usifunge ampule ya wati 100 mahali pa 55 au 60: itachoma plugi na waya.

Na vyuma vya mashini?

Vyuma vilivyong'arishwa vya motere, vya kinu na vya mashini ya kumenya kahawa vina adui mwingine: unyevu. Hata jasho la vidole lina chumvi inayoleta kutu. Baada ya kazi, pangusa chuma kikiwa kikavu na upake mafuta mepesi kwa kitambaa. Mashini ikilala msimu mzima, paka grisi.

Sehemu zinazogusa unga au kahawa, usizipake mafuta machafu ya motere. Mafuta ya mawese nayo, yakikaa yanachacha, yananata na kukusanya vumbi. Kamwe usipake mafuta kwenye diski ya breki, wala mahali mkanda unapopita kwenye puli: utateleza.

Aliminiamu haipati kutu nyekundu, lakini inafanya unga mweupe. Wanaotengeneza sabuni wasikie hili vizuri: soda kostike inakula aliminiamu na kutoa hewa inayoweza kuwaka. Usioshe nayo motere. Tumia maji ya sabuni, kausha, kisha ng'arisha na dawa ya chuma. Usitumie pamba ya chuma, kwani inaacha chembe zinazoota kutu. Nta inafaa kwenye sehemu zisizopata moto mkali. Kwenye bomba la moshi itaungua tu.

Kabla ya mkutano ujao

Kamati ya gari isimamishe gari usiku mbele ya ukuta, iwashe fari zote mbili na kulinganisha. Kisha andikeni kwenye daftari ya matengenezo tarehe na kazi iliyofanywa. Kazi yenyewe ni ya nusu siku. Verni na msasa ni vitu vya bei ndogo, ukilinganisha na mzigo ulioanguka Ngomo, ama na mutu mwenye kinga ambaye shofa hakumuona.