Unataka Kununua Nyumba Nakuru? Piga Hesabu Hii Kwanza

Mwenzetu mmoja hapa ofisini aliweka akiba kwa miaka minne ili anunue nyumba Nakuru. Alipofikisha shilingi milioni 1 za dipoziti, alitia sahihi mkataba kwa furaha. Wiki mbili baadaye wakili akamtumia orodha ya gharama zingine, na akajikuta amepungukiwa na zaidi ya 250,000. Ilibidi akope kwa chama na kwa shemeji yake, huku siku 90 za kukamilisha malipo zikiyoyoma. Kama angeshindwa, mkataba uliruhusu muuzaji abaki na asilimia 10 ya bei. Hizo ni laki nne, zimeenda hivyo tu.

Hatungependa yakupate. Kwa hivyo leo tunapiga hesabu pamoja, polepole, tukitumia nyumba ya shilingi milioni 4.

Pesa za kuanza

Tuseme una dipoziti ya milioni 1 na benki inakupa milioni 3. Dipoziti si mwisho wa mambo. Ongeza haya:

- Ushuru wa stempu: 4% ya thamani ya nyumba mjini (mashambani ni 2%). Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, kwa hivyo nyumba iliyo mjini italipiwa 160,000. Kumbuka mthamini wa serikali akisema nyumba ina thamani kuliko bei mliyokubaliana, utalipa kwa thamani yake.
- Wakili wako: karibu 2% kwa nyumba ya bei hii, yaani 80,000, pamoja na VAT ya 16%. Jumla 92,800.
- Stempu ya kusajili mkopo: 0.1% ya mkopo, yaani 3,000.

Hapo tayari ni 255,800 juu ya dipoziti. Na bado kuna ada ya benki ya kushughulikia mkopo, mthamini wa benki, wakili wa benki, bima ya moto na bima ya maisha. Hizi hutofautiana, kwa hivyo iombe benki orodha kamili kwa maandishi kabla hujatia sahihi popote.

Ukinunua nyumba yako ya kwanza kabisa chini ya mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu, sheria inakuondolea ushuru wa stempu. Uliza mapema kama nyumba unayoitaka iko kwenye mpango huo.

Pesa za kila mwezi

Mkopo wa milioni 3 kwa miaka 15, kwa riba ya 14%, unalipwa kama 39,950 kila mwezi. Ukimaliza, utakuwa umelipa karibu milioni 7.2. Ndiyo, umesoma vizuri.

Sasa punguza riba iwe 9.5%. Malipo yanashuka hadi 31,330 hivi, na kwa miaka 15 unaokoa zaidi ya milioni 1.5. Ndiyo maana tunakushauri uulize benki au sacco yako kama inatoa mikopo inayofadhiliwa na KMRC. Kampuni hii iliyoanzishwa 2018 haikukopeshi wewe moja kwa moja. Inakopesha benki na sacco kwa riba nafuu, nazo zinakupa wewe.

Uliza pia kama riba inaweza kubadilika. Ile ya 14% ikipanda hadi 16%, malipo yanafika karibu 44,060. Je, hizo 4,100 za ziada utazitoa wapi?

Mwajiri naye hawezi kukukata zaidi ya theluthi mbili za mshahara, kwa hivyo mikopo mingine uliyo nayo inapunguza kiasi utakachopewa. Lakini kuna habari njema: riba ya mkopo wa nyumba unayoishi hupunguza mapato yanayotozwa kodi, hadi 30,000 kwa mwezi. Kama unatozwa kodi ya 30%, hiyo ni hadi 9,000 inayobaki mfukoni.

Jaribu kabla ya kukopa

Hii ndiyo mbinu tunayoipenda zaidi. Kama unalipa kodi ya nyumba 18,000 na mkopo utakuwa 39,950, tofauti ni 21,950. Siku ile mshahara unaingia, weka hiyo tofauti kwenye akaunti ya akiba, na usiiguse. Fanya hivyo miezi 12.

Ukishindwa mwezi wa tatu, umejifunza jambo muhimu bila kupoteza nyumba. Ukifaulu, utakuwa na 263,400, na zile gharama za stempu na wakili zimepata mwenyewe.

Ukifika wakati wa kulipa

- Dipoziti ipitie kwa mawakili, kwa akaunti iliyoandikwa kwenye mkataba. Usitume kwa simu ya dalali, hata akikuambia kuna mteja mwingine njiani.
- Kabla ya kutoa hata shilingi, wakili akague rekodi za ardhi athibitishe mwenye hatimiliki ni nani.
- Malipo ya serikali hupitia eCitizen, Paybill 222222, ukitumia nambari iliyo kwenye ankara yako. Mtu akikupa nambari yake binafsi "akusaidie kulipa stempu", kataa.
- Kwa simu huwezi kutuma zaidi ya 250,000 kwa mara moja, wala zaidi ya 500,000 kwa siku. Panga mapema.
- Hifadhi kila ujumbe wa malipo. Usiufute mpaka hatimiliki iwe na jina lako.

Mwenzetu alihamia nyumba yake mwishowe. Deni la shemeji bado analipa, kidogo kidogo, kila mwisho wa mwezi. Anasema kama angepewa hesabu hii mapema, angengoja mwaka mmoja tu zaidi. Wewe umeipata. Chukua kalamu, weka bei ya nyumba unayoitaka, uanze.