Je, Wajua? Chumvi, Goti na Presha ya Mimba

Je, wajua kwamba kifafa cha mimba, kile kinacholetwa na presha ya mimba, huzuiwa kwa chumvi? Si hii ya mezani, la! Ni magnesiamu salfeti, chumvi ileile iliyojulikana karne ya 17 kutokana na maji ya chemchemi ya Epsom, Uingereza.

Unatilia shaka? Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33. Kwa waliopewa magnesiamu, hatari ya kifafa ilishuka kwa asilimia 58!

Ngoja, utamu uko hapa. Chumvi hiyo ikizidi mwilini inaweza kusimamisha pumzi, na anayeliona hilo mapema ni muuguzi, kwa kugonga goti tu! Mguu ukiruka, mambo ni shwari. Usiporuka, dozi inayofuata haitolewi. Anahesabu pia pumzi, zisipungue 16 kwa dakika, na mkojo, usipungue mililita 30 kwa saa, maana magnesiamu hutolewa na figo. Kando yake kuna kalsiamu glukoneti, gramu 1 tu, tayari kuizima. Goti, pumzi, mkojo: kuvipima vyote hivyo hakuhitaji umeme hata kidogo!

Na kile kikopo unachopewa kliniki, usikidharau. Mwaka 1843, John Lever wa hospitali ya Guy's, London, alikuta protini kwenye mkojo wa wanawake wenye kifafa cha mimba. Protini hiyohiyo ndiyo inayosakwa mpaka leo.

Lakini mkojo unaweza kuwa safi na hatari ikawepo! Presha ikifika 140/90 na chembe sahani, zile za kugandisha damu, zikashuka chini ya 100,000 katika mikrolita 1 ya damu, maabara imeshasema: hatari ipo.

Figo za mjamzito huchuja damu karibu mara moja na nusu ya kawaida, wajua? Ndiyo maana kiwango cha kreatinini, taka inayochujwa na figo, kisichomshtua mtu kwa asiye mjamzito kinaweza kumshtua daktari kwa mjamzito.

Hii je? Presha ya mimba inaweza kupanda hata pasipo mtoto tumboni! Hutokea kwenye mimba zabibu, kwa kuwa chanzo ni kondo la nyuma. Tena kifafa chaweza kuzuka wiki kadhaa baada ya kujifungua, kwa hiyo mzazi akilalamika kichwa au macho kuona ukungu, mrudisheni hospitali siku hiyohiyo.

Baba, nawe sogea. Utafiti wa Norway wa 1998 ulionyesha kuwa mwanamume ambaye mwenzi wake alipata tatizo hili akizaa na mwanamke mwingine, hatari ya mwanamke huyo kulipata nayo hukaribia maradufu!

Na Allyson Felix, mkimbiaji wa Marekani? Novemba 2018 alipasuliwa kwa dharura mimba ikiwa na wiki 32, sababu ni presha hiyo. Miezi 10 baadaye, kule Doha, akatwaa dhahabu yake ya 12 ya mashindano ya dunia, akampita Usain Bolt mwenye 11!