Je, mgongo ndio chanzo cha kila maradhi ya mtoto?



Mtoto wa wiki sita anapoanza kulia kila jioni, tangu Magharibi hadi usiku wa manane, kila aliye nyumbani huwa na lake la kusema. Bibi atasema ni mchango. Jirani atasema amepatwa na jicho. Na siku hizi yupo atakayesema pingili za mgongo wa mtoto zimekaa vibaya, apelekwe kwa mtaalamu akanyooshwe. Tukaitazame leo tiba hii ya kunyoosha mgongo, ijulikanayo kama kairopraktiki, kwa sababu wazazi wengi huambiwa kuwa inaponya pumu, masikio, kukojoa kitandani na kilio cha wachanga.

Tiba hii ilianzia Marekani, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, mwaka 1895. Mwanzilishi wake, Daniel David Palmer, hakuwa daktari. Alidai kuwa alisukuma mfupa wa mgongo wa Harvey Lillard, aliyekuwa na uziwi, na usikivu wake ukarudi. Kutokana na hapo akafundisha kwamba maradhi 95 katika kila 100 yanasababishwa na pingili zilizohama mahali pake na kubana mishipa ya fahamu.

Ndugu msomaji, elimu ya mwili haikubaliani na dai hilo. Mishipa ya fahamu ya sikio hutoka moja kwa moja kwenye ubongo na haipiti katika pingili za mgongo. Pumu ni uvimbe na kubana kwa njia za hewa. Masikio ya watoto huuma mara kwa mara kwa sababu mrija unaounganisha sikio na koo bado ni mfupi na umelala, hivyo mafua hupanda kwa urahisi. Kwa haki tuseme pia kuwa watu wazima wenye maumivu ya kiuno hupata nafuu kiasi kwa tiba hii. Lakini kiuno cha mtu mzima ni jambo moja, na kifua cha mtoto ni jambo jingine.

Wataalamu wameyapima madai haya. Nchini Canada, utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulichukua watoto 91 wenye pumu. Baadhi walinyooshwa kweli, wengine waliguswa tu kwa namna ya kuigiza, na wote waliendelea na dawa zao. Baada ya miezi minne hapakuwa na tofauti kati yao. Nchini Norway, utafiti wa mwaka 2001 uliangalia wachanga 86 wanaolia sana. Walionyooshwa, takriban 70 katika kila 100 walipata nafuu. Ambao walipakatwa tu na muuguzi, takriban 60 katika kila 100 nao walipata nafuu. Watafiti walihitimisha kuwa tofauti hiyo si ya kutegemewa.

Kwa nini basi mama huapa kuwa mwanawe alipona? Sababu ni kwamba kilio cha namna hii hufikia kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua chenyewe, na kwa kawaida huisha kati ya mwezi wa tatu na wa nne. Anayempeleka mtoto wakati wa kilele, lolote atakalofanyiwa litaonekana limemponya.

Nchini Australia, video ya mchanga wa wiki mbili akining'inizwa kichwa chini na mtabibu wa aina hii ilizua malalamiko makubwa. Mwaka 2019 bodi yao ikazuia kugeuza uti wa mgongo wa watoto wa chini ya miaka 12. Zuio liliondolewa mwaka 2023, likarudishwa mwaka 2024 baada ya mawaziri wa afya kupinga.

Nasi tujiangalie. Kumpaka mtoto mafuta na kumkanda taratibu hakuna ubaya. Lakini kumvuta shingo, kumshika miguu na kumning'iniza, au kumtikisa ili anyamaze ni hatari. Kichwa cha mchanga ni kizito na shingo yake ni dhaifu. Kutikiswa kunaweza kumvujisha damu ndani ya ubongo.

Mtoto akilia, kwanza hakikisha ameshiba maziwa ya mama. Mwinue begani, mpapase mgongo mpaka acheue. Mbebe kwa kanga, tembea naye. Ukihisi hasira, mlaze chali mahali salama, utoke upumue kidogo, au umpe baba yake ampokee. Hiyo si kazi ya mama peke yake.

Lakini mpeleke hospitali haraka ukiona homa, utosi umevimba, shingo imekakamaa, degedege, anakataa kunyonya, anatapika kijani, anapumua kwa shida au amelegea. Hizo zaweza kuwa dalili za homa ya uti wa mgongo au maradhi mengine mazito, na siku moja ya kuzunguka kwa wanyooshaji yaweza kugharimu maisha yake. Mwenye pumu naye asiachishwe dawa yake.

Uislamu umetuhimiza kutafuta tiba, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa hakuna maradhi yasiyo na dawa. Lakini katika mapokeo ya Abu Daud ametuonya pia kuwa anayejitia kutibu hali hajulikani kwa utabibu, basi atabeba dhamana ya madhara yake. Mzazi naye ana dhamana. Mtoto ni amana, wala hana ulimi wa kusema hapana. Kabla hujamkabidhi mikononi mwa mtu, muulize amesomea nini, na ana ushahidi gani kuwa anachokifanya kinatibu maradhi hayo.

Wabillahi tawfiq.