Sura ya 6: Daftari la Walioanguka Mitini

Ukitoka Moshi mjini na kupandisha kuelekea Kibosho au Uru, hukawii kuingia kwenye vihamba: kahawa, migomba juu yake, na juu ya yote miti mirefu ya kivuli. Miti hiyo hukwewa na watu wazima wenye shughuli zao. Huyu anakata kuni, yule anatafuta majani ya ng'ombe aliye bandani, mwingine anachuma maparachichi kabla mnunuzi hajageuza gari. Gome likiwa na utelezi wa mvua ya masika, mguu mmoja unatosha.

Vitabu vingi kuhusu kutibu mishipa ya fahamu huanzia maabara. Mimi naanzia mtini, maana hata watafiti wenyewe, walipoamua kuhesabu, ndiko walikofika. Mtaalamu wa fiziotherapia wa Hospitali ya Rufaa ya KCMC mjini Moshi, Haleluya Moshi (jina la ukoo lisikuchanganye na la mji), akishirikiana na wenzake wa Chuo Kikuu cha Umeå nchini Sweden, alifukua majalada ya miaka mitano, 2010 hadi 2014. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Walipatikana wagonjwa 288 walioumia uti wa mgongo kwa ajali, na karibu nusu yao walikuwa wameanguka. Ajali za barabarani, ambazo sote tungezitaja kwanza kama tungeulizwa, zilikuja nyuma. Waliovunjika shingo walikuwa wengi kuliko walioumia mgongo. Na takriban mmoja kati ya kila wanne alifia wodini.

Kinachoumia hasa ni nini? Ndani ya pingili za mgongo hupita ugwe mgongo, kamba laini ya unene wa kidole kidogo, inayobeba amri za ubongo kwenda kwenye viungo na kurudisha habari za maumivu, joto na mguso. Pingili ni mfupa, nao mfupa huunga. Ugwe hauungi, na hapo ndipo penye fumbo. Mtu akijikata kifundo cha mkono kwa panga na neva ikashonwa vizuri, nyuzi zake, yaani aksoni, huota tena kwa mwendo wa kama milimita 1 kwa siku. Baada ya miezi kadhaa vidole huanza kusisimka. Lakini aksoni zilizokatika ndani ya ugwe hujaribu kidogo, kisha hukoma.

Kwa miongo mingi iliaminika kwamba neva za ubongo na ugwe zimeshapoteza uwezo wa kukua. Mwaka 1981, huko Montreal, Samuel David na Albert Aguayo waliwapachika panya vipande vya neva ya mguu vikiwa kama daraja pembeni ya ugwe. Aksoni za ugwe zikapita darajani na kukua sentimita kadhaa. Kumbe uwezo ulikuwapo. Kilichozikataa ni udongo. Ni kama mche wa kahawa uliodumaa huku, ukauhamishia shamba la jirani ukachipua. Kule Zürich, Martin Schwab na wenzake wakakibaini kimojawapo cha vizuizi vya udongo huo, protini iliyomo kwenye ala ya nyuzi, ambayo baadaye iliitwa Nogo-A. Wakatengeneza kingamwili ya kuifunga mdomo.

Dawa hiyo ilipofikia kujaribiwa kwa watu waliovunjika shingo, ziliungana hospitali 13 za Ujerumani, Uswisi, Hispania na Jamhuri ya Cheki. Zote kwa pamoja zilipata wagonjwa 126. Kwa ujumla dawa haikuonyesha tofauti kubwa, ila kwa wale ambao ugwe wao haukuharibika kabisa zilionekana dalili za kutia moyo. Sasa rudi kwenye daftari la KCMC: 288, hospitali moja. Wanaojua kutengeneza dawa wanahangaika kupata wagonjwa, na penye wagonjwa dawa haijafika hata kwa majaribio.

Ni rahisi kulalamika hapa, na nimewahi kufanya hivyo mbele ya watu. Lakini jaribio lile lilitaka mgonjwa aanze kuchomwa sindano kati ya siku ya 4 na ya 28 tangu aumie, kisha afuatiliwe kwa miezi. Wa kwetu siku hizo anapigania uhai. Ametolewa kihambani mikononi mwa majirani, shingo ikining'inia, akapakiwa kwenye gari lililopatikana. Hizo saa za mwanzo nazo ni utafiti, ingawa hazina mvuto wa protini.

Ushirikiano wa Moshi na Umeå unategemea vitu vidogo kuliko unavyodhani: pini na pamba. Kipimo kinachotumika duniani kote kinamtaka mpimaji aguse sehemu 28 za ngozi kila upande wa mwili, kuanzia kisogoni hadi mahali ambapo wengi wetu tungeona aibu kupataja, kisha apime nguvu ya misuli 10 kila upande.

“Mzee, hapa inachoma au ni butu?”

“Butu.”

“Na hapa?”

Kimya. Mwishoni hupatikana herufi moja kati ya A na E. A ni kwamba ujumbe haupiti kabisa. E ni mzima. Herufi B iliyoandikwa Moshi, daktari wa Umeå ataielewa bila mkalimani.

Kinachoua, hata hivyo, mara nyingi ni mapafu, mkojo na vidonda vya kulalia. Ludwig Guttmann, aliyefungua kitengo chake Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, aliwageuza wagonjwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na watu waliokuwa wakihesabiwa maiti wakaishi. Dawa hiyo haihitaji maabara. Inahitaji mikono, na katika wodi iliyojaa mikono hiyo ni ya mama au mke aliyelala sakafuni kando ya kitanda, ambaye pengine hakuna aliyemwambia kwa nini saa mbili na si nne.

Baadaye watafiti walewale wa KCMC na Umeå walipanda vijijini kuwauliza waliorudi nyumbani maisha yakoje. Huko kuna kihamba, na kihamba kina mteremko, mizizi na mfongo, yaani mfereji wa maji, unaokatiza njia. Kiti mwendo cha hospitali, chenye magurudumu madogo mawili mbele, kinakwama hatua ya tatu. Katika viwanja vya KCMC kuna chuo cha TATCOT, kilichoanza mwaka 1981 kufunza mafundi wa viungo bandia, na kwa ushirikiano na shirika la Motivation la Uingereza kikafunza pia mafundi wa viti mwendo. Motivation ina kiti cha njia mbovu chenye magurudumu matatu: makubwa mawili nyuma, na moja limechomoza mbali mbele ili kisipinduke kwenye mteremko. Kwenye mfongo, bado anahitajika mtu wa kusukuma.