Kwa nini sugu za miguuni hurejea kila zikikatwa

WATU wengi hukata sugu za miguuni kwa wembe, wakapata nafuu kwa muda, lakini baada ya wiki chache zikaota tena palepale.

Kinyume na inavyodhaniwa, sugu haina mzizi uliosalia ndani. Ngozi inapobanwa au kusuguliwa mahali pamoja kila siku, hujijengea tabaka gumu ili kujikinga. Tabaka hilo likizidi, hufanya kiini kigumu kinachodunga nyama iliyo chini yake, hasa juu ya kidole cha mwisho na penye wayo. Anayeikata sugu kisha akavaa kiatu kilekile huwa hajaondoa chanzo.

Tiba basi huanzia kwenye viatu. Vinunue jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na uhakikishe kuna nafasi ya takriban sentimita 1 mbele ya kidole kirefu zaidi. Epuka vyenye ncha nyembamba na visigino virefu.

Nyumbani, loweka miguu katika maji ya vuguvugu kwa dakika 10, sugua taratibu kwa jiwe la kusugulia nyayo, kisha upake mafuta mazito.

Hata hivyo, wagonjwa wa kisukari wasijitibu wenyewe, wala wasitumie plasta zenye asidi ya kuondoa sugu. Miguu yao huweza kufa ganzi, na kidonda wasichokihisi kikawafikisha kwenye kukatwa mguu. Hao wamwone daktari mapema, sawa na yeyote ambaye sugu zake hurejea hata baada ya kubadilisha viatu.