Njooni Saa Nne, Msingoje Chakula Kiive

Rafiki zangu wakiniuliza waje saa ngapi kula Jumapili, nawaambia saa nne asubuhi. Chakula kitaiva saa saba. Zile saa tatu za katikati ndizo ninazozitaka hasa, kwa sababu mtu anayefika akakuta sinia limeshapakuliwa hula, hushukuru, huondoka, na mwenye nyumba hubaki na jiko lililovurugika na mgongo unaouma. Hapa Magomeni nawajua wanawake wengi walioacha kabisa kualika watu. Mchele wanao. Kilichowaishia ni nguvu.

"Nije na nini, shoga yangu?" mmoja wao huniuliza kila mara.

"Njoo na nazi mbili, na uzikune mwenyewe."

Nazi ndiyo kazi ya kuanzia, na hakuna kazi inayofaa maongezi kama hiyo. Sokoni kuna mashine za kukunia, madukani kuna tui la pakiti, na sina ugomvi na anayevitumia siku za kazi. Lakini mtu akishakaa juu ya mbuzi, bakuli chini ya meno yake, mikono inashughulika na mdomo uko huru. Mambo ambayo asingeyasema sebuleni mmetazamana, huyasema huku anakuna: mshahara haujaingia, mama anaumwa, mtoto kagoma shule. Mkunaji hodari hukizungusha kizio taratibu na kuacha pale tu anapoona rangi ya kahawia, maana ile ngozi ya ndani hulitia tui weusi.

Kukamua kunataka maji ya uvuguvugu. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo ukitumia maji ya friji utayaacha mengi yameng'ang'ania kwenye chicha. Tui la kwanza, zito, linawekwa kando. La pili na la tatu ndiyo ya kupikia mchele. Kwa watu sita au saba natumia kilo moja ya mchele wa Kyela na nazi mbili. Tui jepesi na chumvi vikichemka, mchele uliooshwa unaingia. Likikaribia kukauka, linamiminwa lile zito, sufuria linafunikwa, makaa yanapaliwa juu ya mfuniko. Wa gesi apunguze moto hadi mwisho na asifunuefunue.

Samaki analetwa na yule anayeweza kuwahi soko la Feri asubuhi. Changu akipatikana tunamchukua, asipopatikana hata vibua vinatosha. Anaparuliwa, anaoshwa, anapakwa chumvi na limau. Shombo hutokana na kemikali za jamii ya amini, na tindikali ya limau huzifunga zisiruke hewani. Ndiyo maana hata mikono ikisuguliwa limau hunukia vizuri. Maganda ya limau msiyatupe, yana kazi baadaye.

Tui la mchuzi wa samaki huyo nalo halitaki kuachwa peke yake. Ndani yake mafuta yamesambaa katika vitone vidogo sana vilivyoshikiliwa na protini. Moto ukiwa mkali na hakuna anayekoroga, protini inagandamana, mafuta yanajitenga, tui limekatika. Mtu akilichota kwa upawa na kulimimina, akilichota na kulimimina, mpaka lichemke, mchuzi unatulia. Kazi hiyo nampa mgeni asiyejua kupika. Hula akijua ule mchuzi ni wake pia, na kweli ni wake.

Tunakula mkekani, sinia moja, baada ya birika na beseni kuzunguka kwa wote. Kila mtu hula upande wake, ila samaki hana upande: anayemfikia humega mnofu na kuusogeza mbele ya mwenzake. Nimemwona mtu aliyekuja amenuna akisogezewa vipande vitatu mfululizo na jirani ambaye hakumwuliza lolote. Alikula, na mwisho akaanza kuzungumza. Kwa hili sitakubali sahani mojamoja nyumbani kwangu, isipokuwa kwa mwenye mafua.

Halafu vyombo. Hapa wengi huniambia, "Acha tu, nitaosha jioni," na wanaume huinuka kimyakimya kwenda barazani. Kwangu aliyekula huinuka na chombo mkononi, awe mwanamume au mwanamke, awe mkwe au mwalimu wa watoto. Maji tunayachota kwa ndoo, kwa hiyo mpangilio una maana: glasi kwanza, kisha vijiko na sahani, sinia, masufuria mwisho kabisa. Mafuta ya samaki hupanguswa kwa karatasi kabla ya kugusa maji, la sivyo beseni lote la povu litaharibika, na yakimwagwa kwenye sinki hugandia ndani ya bomba na kuliziba. Mmoja anasugua, mwingine anasuuza, wa tatu anapanga kichanjani. Watu watatu humaliza kabla kahawa haijachemka.

Sufuria la wali lisuguliwe mwisho wa yote. Ukoko ukishagombaniwa na watoto, mabaki yake lowekeni kwa maji; wanga hunywa maji, huvimba na kubanduka wenyewe, bila kuumizana na stilwaya. Na kama sufuria la alumini limeingia weusi ndani, yale maganda ya limau yachemsheni humo na maji kiasi cha kuufunika weusi. Tindikali huuondoa. Magadi msitumie, hulizidishia weusi sufuria la namna hiyo.

Kiporo ndicho ninachokililia zaidi, maana wali wa nazi na chai ya asubuhi sina cha kuvilinganisha navyo. Lakini wali una bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa sufuriani jikoni hadi usiku, kwa joto hili la Dar es Salaam, mbegu hizo huamka, huzaana na kutoa sumu, na sumu ile haiondoki hata ukiupasha moto upya mpaka ufuke. Kwa hiyo kabla ya kumwaga kahawa vikombeni, wali uliobaki nautandaza kwenye sinia safi upoe upesi, kisha ndani ya saa mbili uwe umeingia kwenye friji. Asiye na friji namwambia apike wa kumalizika. Wenye friji nawafungashia kila mmoja chake, na anayekaa mbali anaondoka wa kwanza.

Jumapili ijayo ni zamu ya shoga yangu wa nazi. Ameshanipangia: nitaparua samaki, na niwe kwake saa nne.